Kuzipima Shule za Kwale

Ingia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa sekondari yoyote ya umma nchini Kenya na aghalabu utakuta jedwali limechorwa ukutani au kwenye ubao mkubwa nyuma ya kiti chake. Safu ya kwanza ni miaka, ya pili ni idadi ya watahiniwa. Kisha zinafuata gredi kuanzia A hadi E, na mwisho kabisa alama ya wastani pamoja na tofauti yake na ya mwaka uliotangulia. Tofauti ikiwa imepanda, imeandikwa kwa rangi inayopendeza. Ikiwa imeshuka, ni nyekundu. Mzazi aliyekuja kumwombea mwanawe nafasi hulisoma jedwali hilo kabla hajaonyeshwa maabara wala choo.

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu chini ya Profesa Jacob Kaimenyi ilipiga marufuku kuzipanga shule kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa. Marufuku hiyo haikubadilisha mengi. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotangazwa, wazazi wa Ukunda, Kinango na Lunga Lunga hurushiana orodha kwenye simu, nyingine za kweli na nyingine za kubuni, na kufikia jioni kila kata ina shule iliyosifiwa na shule iliyochekwa. Sioni ubaya wa watu kutaka kulinganisha. Shule ni za umma, fedha ni za umma, na mzazi asiyelinganisha hana jinsi ya kudai chochote. Tatizo ni kwamba alama ya wastani inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Inatuambia ni watoto gani waliingia shuleni humo. Walichofundishwa baada ya kuingia haituambii sana.

Nimeichagua Kwale kwa sababu ndani ya mpaka wake mna karibu kila tofauti inayoweza kuwapo baina ya shule mbili za mashambani. Kaunti hii ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 8,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820. Ukivuka feri Likoni na kushika barabara ya kwenda Lunga Lunga, unapita Waa, Tiwi, Ukunda na Msambweni. Huo ni ukanda wa minazi, hoteli na lami, na mwalimu aliyepangiwa kazi huko anaweza kulala Mombasa wikendi. Panda upande wa kulia, pita mji wa Kwale na msitu wa Shimba Hills, kisha teremka kuelekea Kinango, Ndavaya na Samburu. Hapo mvua inapungua, nyumba zinaachana, na mbuzi wanakuwa wengi kuliko minazi. Kwale yote imo katika orodha ya kaunti kame na nusu kame, lakini ukame wa Tiwi na ukame wa Ndavaya havifanani. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, shule za bara la Kwale ziliyaona mambo ambayo za pwani ziliyasikia redioni.

Kwa hiyo ripoti ikisema "Kwale imepata alama kadhaa", isome kwa tahadhari. Wastani wa kaunti unachanganya shule iliyo kando ya barabara kuu na shule ambayo mwalimu wake anashukia kituo cha mwisho cha matatu kisha akatafuta bodaboda. Tofauti baina ya shule mbili za Kwale inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti baina ya Kwale na kaunti nyingine, na uchambuzi unaoanzia kwenye wastani wa kaunti unakuwa umeshazika jambo lenyewe.

Turudi kwenye suala la nani anaingia. Kwa miaka mingi, hadi KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, wanafunzi wa Kenya walichujwa kwa alama 500. Wenye alama za juu kabisa walichukuliwa na shule za kitaifa, waliofuata wakaenda shule za ngazi iliyo juu ya kaunti, kisha za kaunti, na waliobaki wakapelekwa shule za kutwa za kaunti ndogo karibu na kwao. Huo ni ungo. Baada ya miaka minne tunawapa mtihani mmoja wote, tunashangaa kwamba waliochujwa juu wamebaki juu, na tunampongeza mwalimu wao.

Wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliupima ungo huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Waliwatazama wanafunzi wa Kenya waliokuwa karibu sana na mstari wa kukatwa: waliopata alama za kutosha kuingia shule ya kitaifa kwa tundu la sindano, na waliokosa kwa alama chache. Watoto hao walikuwa karibu sawa, ila mmoja alikwenda shule yenye jina na mwenzake akaenda shule ya ngazi ya chini yake. Kama shule za kitaifa ndizo zinazozalisha matokeo, wa kwanza walipaswa kuwapita wenzao kwenye KCSE. Watafiti hawakupata ushahidi wa maana kwamba waliwapita.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba shule zote ni sawa. Waliolinganishwa hapo ni wanafunzi waliokuwa karibu na kilele, na shule waliyoiangukia wa pili bado ilikuwa na maabara na walimu. Hakuna aliyemlinganisha mtoto wa bweni la kitaifa na mtoto wa shule ya kutwa isiyo na mwalimu wa fizikia. Hata hivyo yanatosha kuvunja imani kwamba jina la shule ni dawa.

Hapo ndipo Kwale inakuwa na hadithi ya pekee. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, serikali ya Gavana Salim Mvurya iliifanya elimu kuwa ajenda yake kuu na kuanzisha mpango wa ufadhili ulioitwa Elimu ni Sasa, ambao bajeti yake ilifikia takriban Sh400 milioni kwa mwaka. Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wake na kuchukua ugavana mwaka 2022, akauendeleza. Fedha hizo zilisaidia wanafunzi wa ngazi mbalimbali, lakini fahari ya mpango ilikuwa wale waliolipiwa karo yote katika shule za kitaifa. Kijana wa Mwereni aliyepata alama za juu, ambaye zamani barua ya kuitwa shule ya kitaifa ingebaki chini ya godoro kwa kukosa karo, sasa alipanda basi.

Mtu asiyeona thamani ya jambo hilo hajakaa na mzazi wa Kinango mwezi wa Januari. Lakini tazama linavyofanya kwenye jedwali la ukutani. Kila kijana mkali anayelipiwa kwenda Nairobi, Kiambu au Nakuru anatoka kwenye hesabu ya shule za nyumbani. Shule ya kutwa ya kijijini inabaki na waliobaki, wastani wake unashuka, na mwaka unaofuata mzazi mwenye uwezo anaikimbia kwa sababu wastani umeshuka. Kaunti inaweza kutumia mamilioni kuwainua watoto wake huku shule zake zikionekana zinazidi kuharibika, na mambo yote mawili yakawa kweli kwa wakati mmoja. Ukiniuliza fedha hizo zilistahili kwenda wapi, nitasema sehemu kubwa zaidi ingebaki nyumbani. Lakini kaunti inabanwa na Katiba. Jedwali la Nne linaipa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na linaiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na sekondari. Kaunti haiwezi kumwajiri mwalimu wa fizikia. Hata ufadhili wenyewe uliingia matatani Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kutoa fedha hizo, na suala likafika mahakamani.

Kuna jambo la hesabu ambalo wasomaji wa majedwali hulisahau. Chukua shule ya kutwa yenye watahiniwa 20 na alama ya wastani ya 3.5, yaani jumla ya pointi 70. Mwaka unaofuata mambo yote yabaki vilevile, ila wanafunzi wawili ambao wangepata gredi ya D, yenye pointi 3, wapate B-, yenye pointi 8. Jumla inakuwa 80 na wastani unaruka hadi 4.0. Shule imepanda kwa nusu pointi, inaingia katika orodha ya zilizoboreka zaidi, na mwalimu mkuu anapigiwa makofi. Wanafunzi hao hao wawili wakiwa katika shule yenye watahiniwa 250, wastani unapanda kwa 0.04, na hakuna anayeona. Ndiyo maana orodha ya "zilizoboreka" na ya "zilizoanguka" kwa kawaida hujaa shule ndogo, na nyingi hubadilishana nafasi mwaka wa pili. Shule ndogo zinahitaji kutazamwa kwa miaka mitatu au minne pamoja, vinginevyo tunausoma upepo.

Udogo huohuo unaadhibiwa kwenye fedha. Elimu ya msingi ya bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitoa Sh1,020 kwa kila mwanafunzi; baadaye kiwango kikawa Sh1,420. Shule yenye wanafunzi 180 katika kijiji kilichotawanyika ingepata Sh255,600 kwa mwaka mzima. Tuseme inamlipa mlinzi wa usiku Sh6,000 kwa mwezi, mshahara ambao ni aibu kuutaja. Huyo peke yake anakula Sh72,000, zaidi ya robo ya fedha zote. Shule ya Ukunda yenye wanafunzi 1,200 ingepata Sh1,704,000, na mlinzi wa mshahara huohuo angechukua asilimia 4. Tena hapo nimechukulia kwamba fedha zinafika zote na kwa wakati, jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote atakucheka ukilisema. Kwa sekondari kiwango kilichopangwa tangu 2018 ni Sh22,244 kwa mwanafunzi, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haiwezi kukimudu. Mgao wa kuhesabu vichwa unaonekana wa haki mpaka ukumbuke kwamba paa, tangi la maji na mlinzi havihesabiki kwa vichwa.

Pengo hilo linazibwa na wazazi, na wazazi hawalingani. Mahali tume ya kuajiri walimu, TSC, haijaleta walimu wa kutosha, bodi ya shule humwajiri kijana aliyehitimu juzi na kumlipa kwa michango. Kando ya barabara, wazazi wengi wana biashara ndogo au mshahara wa hoteli, hata kama ni wa msimu. Kule ndani wanasubiri mbuzi auzwe mnadani. Chakula cha mchana ni vivyo hivyo. Shule ya kutwa inaitwa ya bure, lakini sahani ya pure inalipiwa, na asiyelipa ama anashinda njaa ama anabaki nyumbani. Pengo hili halimo kwenye jedwali lolote, ila linaonekana kwenye rejista ya mahudhurio ukiifungua katika wiki kavu za Oktoba: alama za kuhudhuria zinaanza kupungua Jumatano, na kufikia Ijumaa mistari mizima ni mitupu.

Rejista hiyo inatupeleka kwenye hila inayoniudhi kuliko zote. Wastani unahesabiwa kwa waliofanya mtihani tu. Shule iliyopokea wanafunzi 90 kidato cha kwanza na kutahini 55 kidato cha nne haipotezi hata pointi moja kwa wale 35. Huenda wastani wake ukapanda kwa sababu hawapo. Baadhi yao wamepata mimba, baadhi wako ufukweni Diani wakitafuta riziki, baadhi wanaendesha bodaboda, na baadhi waliambiwa warudie darasa mpaka wakachoka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumrudisha mtoto darasa, lakini shinikizo la wastani lina nguvu kuliko sheria ambayo hakuna anayekuja kuikagua. Upande mwingine iko shule ya kutwa iliyotii sera ya kila mtoto kujiunga na sekondari, iliyosisitizwa tangu 2018. Imepokea waliopata alama 150 na waliopata 250 katika chumba kimoja, na imewabakiza hadi mwisho. Kwenye jedwali hiyo ndiyo shule mbovu. Kama ningeruhusiwa kuongeza safu moja tu kwenye ukuta wa mwalimu mkuu, ningeandika waliopokelewa kidato cha kwanza, kando ya waliotahiniwa miaka minne baadaye.

Mbona basi baadhi ya watoto wanaachwa nyuma mapema hivyo, kabla hata ya ungo? Kwale ina bahati ya kuwa na ushahidi wake yenyewe. Kati ya 2010 na 2012, shule 101 za msingi katika eneo hili zilishiriki katika utafiti uliojulikana kwa kifupi kama HALI, uliounganisha afya na kusoma. Upande wa afya, katika baadhi ya shule watoto walipimwa malaria kila muhula na waliokutwa nayo wakatibiwa. Wengi walidhani hapo ndipo ushindi ulipo. Haukuwapo: afya ya watoto haikuimarika kwa kiasi cha kupimika, wala masomo yao. Upande wa pili ulikuwa mdogo, karibu wa kudharauliwa. Walimu wa darasa la kwanza walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, mwongozo wa masomo, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao walisoma vizuri zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba pia waliacha shule kwa kiwango cha chini: wakati kwingine waliacha kama 5 katika kila 100, kwao waliacha kama 2. Mtoto anayeanza kuelewa kilichoandikwa ubaoni ana sababu ya kurudi kesho.

Weka kando ya hilo utafiti mwingine, wa Busia miaka ya 1990, ambako Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule za mashambani zilizopewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Zilipanda kwa wanafunzi waliokuwa tayari wa mbele. Wa katikati na wa nyuma hawakuguswa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na hawakuweza kuvisoma. Hapa tofauti baina ya pwani na bara la Kwale inapata sura nyingine. Mtoto wa Kidigo wa Msambweni anasikia Kiswahili dukani, madrasani na barabarani, na Kidigo chenyewe kiko karibu nacho. Mtoto wa Kiduruma wa vijiji vya ndani anaweza kufika darasa la kwanza akiwa na Kiduruma pekee kama lugha ya kufikiria, kisha kufikia darasa la nne anatakiwa asome sayansi kwa Kiingereza. Unapolinganisha alama zao unalinganisha, pamoja na mengine, umbali ambao kila mmoja ametembea kati ya lugha. Uwezo, mpango uliokuwa ukipima watoto majumbani, uliripoti katikati ya miaka ya 2010 kwamba ni takriban watatu kati ya kila kumi wa darasa la tatu nchini Kenya walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Hao saba wengine hawasubiri KCSE ili washindwe.

Mtaala wa Umilisi umebadilisha vyombo vya kupimia, na sidhani wengi wamegundua manufaa yake. Mwanafunzi sasa hufanya tathmini ya kitaifa ya KPSEA darasa la sita na ya KJSEA darasa la tisa, huku namba yake ya tathmini ikiendelea kumfuata. Matokeo ya kumpeleka sekondari pevu yanajengwa kwa asilimia 20 za KPSEA, 20 za tathmini za shuleni, na 60 za KJSEA. Wazazi wanalalamika kuhusu hesabu hiyo, na wana haki hasa kwenye zile 20 za shuleni, kwa kuwa sekondari msingi isiyo na mwalimu wa sayansi itatoa alama za sayansi vipi? Ila kwa mtu anayetaka kulinganisha shule, hii ni mara ya kwanza kwa mtoto wa Kenya kuwa na alama ya kuingilia na ya kutokea ndani ya uwanja mmoja, maana sekondari msingi iko palepale kwenye shule ya msingi. Darasa la saba la mtaala huu lilianza Januari 2023. Shule iliyowachukua watoto wakiwa chini darasa la sita na kuwafikisha katikati darasa la tisa imefanya kazi, hata kama hakuna aliyepata ngazi ya juu. Shule iliyowapokea wakiwa juu ikawaacha palepale imekula sifa za bure. KNEC, baraza la mitihani, ina tarakimu zote mbili. Ingezichapisha kama tofauti, kwa kila shule, na kwa miaka kadhaa pamoja ili zile ndogo zisionewe, wazazi wa Kinango wangekuwa na kitu cha kuulizia kwenye mkutano.

Kuna pia swali jingine ambalo Kwale inaweza kulijibu kuliko kaunti nyingi. Watoto waliofanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025 walikuwa darasa la kwanza mwaka 2017, maana yake walikaa chekechea miaka ya 2015 na 2016, wakati kaunti ilikuwa imeshachukua jukumu hilo na inajenga madarasa ya watoto wadogo kijiji baada ya kijiji. Hayakujengwa yote kwa siku moja. Vijiji vingine vilipata jengo na mwalimu mapema, vingine vilisubiri miaka, na watoto wao wakaendelea kuanzia moja kwa moja darasa la kwanza au chini ya mwembe. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua vijiji viwili vya Ndavaya vinavyofanana kwa mvua, lugha na umbali wa barabara, kimoja kilichotangulia na kimoja kilichochelewa, akatazama watoto wao walifikia wapi darasa la sita na darasa la tisa. Tarehe za kufunguliwa kwa kila chekechea zinapaswa kuwa kwenye majalada ya idara ya elimu ya kaunti. Matokeo yako Nairobi. Hili ni jukumu ambalo Katiba imeipa kaunti bila ubishi, na halihitaji kusubiri TSC wala mgao.